Mapera Matatu

Simu ya Bi Raya ilinikuta Ole, juu ya ngazi,
waya mdomoni, jasho kwenye kope.
"Weye Shoka, ukirudi Wete pita kwangu.
Mgeni wa chumba cha pili anataka pera.
Tangu jana magharibi ni pera, pera,
na mie sokoni nimekosa."

Nikanunua fungu pale njia panda,
mapera ya manjano, mengine yana alama ya meno
(mwenye shamba hula alichobakiza popo),
nikalitia kikapuni pamoja na koleo na tepu,
nikashuka Limbani najiona muungwana.

Mgeni jina lake Sigruni, wa Aislandi,
kaja Pemba kuhesabu popo wa Kidike.
Kapokea kikapu, kashukuru, kanusa moja,
kisha akanyoosha kidole darini.
"Pera," akasema. "Imekufa."

Nikatazama juu. Nikatazama kikapu.
Globu imening'inia kwenye waya wake,
nyembamba shingoni, nene kiunoni,
nyeusi kwa ndani kama chungu cha juzi.

Basi ikawa kikao, hapo hapo ukumbini.
Kwao, kasema, pera ni tunda la kuletwa na meli,
na hicho kioo nacho ni pera,
kwa umbo tu, shingo na kiuno.
Hawaoni haya.

Mwenziwe Amparo, Mhispania, mchora popo,
akacheka hadi akaweka kalamu chini.
Pera ni letu sisi, akasema, tena si hili!
Akachora: tunda la shingo ndefu, nyama yake maji,
kokwa chache, zimekaa katikati kwa adabu.
Hili lenu, kwetu lina jina jingine kabisa.

Sasa nani alituambia sisi hili ni pera?
Tukafikiri. Mreno. Lazima awe Mreno.
Nikamwona amesimama kwenye jua letu,
neno analo kinywani, tunda hana,
na mche huu labda kauleta mwenyewe
kutoka bara jingine,
hana hamu ya kujifunza jina la tatu.
Akasema "pera"
kama mtu anayemwita mtoto wa jirani
kwa jina la mwanawe aliyemwacha mbali.
Nasi tukaitika kwa niaba ya mti.
Tukauongezea herufi moja mbele, ukawa mpera,
ukapangwa na mifenesi na mishokishoki,
hauulizwi tena kabila.

Ningecheka, lakini globu nayo si ya babu yangu.
Mkoba wangu mzima wa kuazima:
waya, swichi, soketi, fyuzi.
Changu hapo ni kupanda ngazi.

Mama alikuwa akitwambia, sahani ya jirani
hairudi tupu. Ukikosa mkate wa kumimina
tia hata ndimu mbili.
Sisi kwenye neno la Mreno tumetia mbegu mia
na ile harufu inayokutangulia mlangoni.
Kina Sigruni wametia mwanga,
na wanauhitaji: miezi ya baridi, kasema,
saa kumi alasiri kwao ni giza totoro.
Amparo kachungulia sahani yake ya zamani,
hakudai.

Nikapanda kiti, nikatoa bovu, nikatia zima.
Nilipolitikisa, kiwaya kilichokatika
kililia ndani kama kokwa kavu.
Nikaliweka kikapuni, juu ya wenziwe.

Ndipo akatoka Bi Time, mamake Raya,
mtoto wa jicho pande zote mbili,
huchagua kila kitu kwa vidole.
Akabonyeza moja, akaliweka mapajani.
Akabonyeza jingine. Akafika kwenye kioo.
Akalizungusha. Akabonyeza tena, taratibu,
sote tumenyamaza kwa kuzuia cheko.

"Hili lirudisheni," akasema.
"Halijawiva."